Kufungua injini ya Subaru ya tabo nyumbani, Mbeya: maswali ninayoulizwa kila wiki

Kamwene wadau. Hii nimeiandika mana simu zimekuwa nyingi, vijana wa Uyole, Mwanjelwa, Iringa, Makambako, Njombe mpaka Tunduma wanauliza yale yale na mimi najibu yale yale, kwaiyo bora yakae sehemu moja mtu asome akiwa na spana mkononi. Injini ninayoizungumzia ni EJ20 ya tabo (turbo, ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini), ile ya Impreza WRX na Forester, kwa sababu ndo niliyoifungua uani kwangu mara mbili na ndo imejaa huku. Mwenye 1JZ au 3S ya tabo, zile za Toyota, asome tu, mengi yanafanana, atofautishe mwenyewe kwenye umbo la injini.

Injini imenoki. Niifungue au ninunue ya mtumba kutoka Japani?

Inategemea imekufaje. Kama kranki imeliwa kidogo na bloku haijatoboka, ifungue. Kama konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) imetoka nje ya bloku, hapo hamna cha kufungua, tafuta injini nyingine. Ila nikwambie kitu, hiyo injini ya mtumba nayo ni injini ambayo hujui imekula kilomita ngapi wala oili yake ilikuwa ikibadilishwa lini, kwaiyo hata ukinunua, kabla hujaifunga vua sampu (bakuli la oili la chini) uangalie chini kuna nini, badilisha taimingi belti, pima kompresheni ikiwa bado chini sakafuni. Watu wengi wanafunga injini ya mtumba Jumamosi, wiki inayofuata wanaitoa.

Nyumbani inawezekana kweli? Sina gereji, nina ua tu.

Inawezekana, kwangu ni ua na kibanda cha mabati. Sharti la kwanza ni usafi, na huku kwetu usafi unaanza na kalenda. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni vumbi tupu, upepo unapuliza mchanga mwekundu unaingia kila tundu, na punje moja ya mchanga kwenye bearingi ni kesi kubwa. Masika nayo ni matope na unyevu, silinda ikikaa wazi usiku mmoja bila kupakwa oili asubuhi unakuta kutu, jamaa wa Tukuyu wanalijua hili kuliko mimi. Kwaiyo kuvua fanya nje, ila kufunga fanya ndani ya chumba, sakafu imelowekwa maji kidogo vumbi litulie, mlango umefungwa, kila kipande kimeviringishwa kwenye mfuko safi wa plastiki.

Vifaa: cheni bloku na mhimili imara wa kuishikilia, boksi za kuanzia namba 10 hadi 22, toki renchi mbili, zile spana za kupimia nguvu ya kukaza (ndogo na kubwa, moja haitoshi), fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), rula ya chuma iliyonyooka ya kupimia hedi, ule uzi wa plastiki wa kupimia nafasi ya bearingi, na kifaa cha kupima kompresheni. Toki renchi usiazime ile iliyoangushwa mara mia. Nyingine ni daftari na simu ya kupiga picha, piga picha kila paipu kabla hujaivua, kila paipu, mana baada ya wiki tatu hutakumbuka ile hozi ndogo nyeusi ya vakyumu ilikuwa inaenda wapi.

Kazi za kupeleka nje ni kuchonga kranki, kuboa silinda na kusaga hedi. Mbeya mashine hizi zipo kwa sababu ya malori ya njia kuu ya Tunduma, ila fundi aliyezoea injini ya lori inabidi ukae naye umweleze vipimo vya Subaru, tena umwandikie kwenye karatasi.

Nimefungua bolti zote za bloku lakini haiachii, nimegonga mpaka nimechoka. Tatizo nini?

Acha kugonga sasa hivi! EJ ni boksa, pistoni zimelala mbili kulia mbili kushoto, na bloku ni nusu mbili zimebana kranki katikati. Huwezi kuzitenganisha mpaka utoe pini za pistoni. Angalia mbele na nyuma ya bloku kuna plagi kubwa (vizibo, sio plagi za moto) za kufungua kwa spana ya L, ukizifungua utaona tundu, unazungusha kranki taratibu mpaka pini ikae sawa na tundu, unatoa klipu yake kwa koleo nyembamba kisha unavuta pini. Zote nne hivyo hivyo. Halafu ndo unafungua bolti za bloku. Na wakati wa kufunga ni vile vile kinyume chake, klipu zikae kwenye mfereji wake vizuri mana klipu ikichomoka ndani inachana silinda.

Weka alama kila pistoni. Namba 1 ni mbele kulia, 2 mbele kushoto, 3 nyuma kulia, 4 nyuma kushoto, kulia na kushoto kwa mtu aliyekaa kwenye siti. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4.

Nimeshafungua, naona bearingi zimeliwa. Ninunue bearingi mpya nifunge?

Hapana. Na hapa ndo naomba unisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote. Bearingi iliyoliwa imeuawa na kitu, na kama hujakijua usifunge, kaa nayo hata mwezi.

Mimi mara ya kwanza nilifanya hivyo unavyotaka kufanya wewe. Bearingi ya namba 4 ilikuwa imeliwa, nikapeleka kranki ikang'arishwa, nikaweka bearingi mpya, ringi mpya, gasketi mpya, nikafunga kwa usafi wote, gari ikawaka vizuri nikafurahi. Haikumaliza mwezi. Natoka Makambako, nimefika Igawa nasikia tok tok tok, nikazima palepale, nikavutwa mpaka nyumbani. Nilipofungua tena nikakuta vumbi la chuma kila mahali, na lilikuwa limetoka kwenye kile kipoza oili kidogo kinachokaa juu ya filta. Vyuma vya bearingi ya kwanza vilijificha mle, nilikisafisha kwa petroli nikaona inatoka safi nikaridhika. Kile hakisafishiki, kinabadilishwa. Na bado sababu ya kwanza ilikuwepo, mrija wa kunyonya oili kwenye sampu ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele pale ulipochomelewa, ukawa unanyonya hewa pamoja na oili hasa kwenye kona na mlimani. Nililia kwa kweli, kranki ile haikufaa tena.

Kwaiyo baada ya kufungua, kabla ya kununua chochote, soma vipande. Bearingi zikiwa zimeliwa zote sawasawa, tatizo ni oili yenyewe, ilikuwa kidogo, imechoka au haikuwa na presha. Ikiliwa moja tu, angalia njia ya oili ya pale na konrodi ile kama haijapinda. Ikiwa na mikwaruzo ya kuzunguka kuna uchafu uliopita. Kama safu ya juu imepondeka upande mmoja tu, upande unaosukumwa na pistoni, basi injini ilikuwa inawaka kabla ya wakati, hiyo ni kesi ya petroli au busti (presha ya hewa inayosukumwa na tabo). Pistoni nayo inasema, ukikuta kingo za katikati ya ringi zimevunjika au juu kuna vidoti kama imepigwa na mchanga, ni hiyo hiyo ya kuwaka kabla ya wakati. Pistoni iliyosafishika upande mmoja inang'aa kama imeoshwa, maji yalikuwa yanaingia pale, angalia hedi gasketi.

Mrija wa kunyonya oili ubadilishe hata kama unaonekana mzima. Kipoza oili badilisha. Mirija ya intakula (kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) osha na ukaushe. Kranki isafishwe kwa brashi ndefu kwenye kila tundu la oili, halafu pulizia upepo.

Nimepima kompresheni nimepata psi 125 kila silinda, fundi kasema injini imekufa. Kweli?

Pengine iko nzima kabisa! Hili linaumiza watu wengi wa nyanda za juu. Vipimo vya kiwandani vya EJ20 za tabo ni kama psi 140 hadi 170, lakini vinahesabu uko usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu, hewa ya kwetu presha yake ni kama asilimia 82 ya ile ya Dar. Silinda inavuta hewa nyepesi, inabana hewa nyepesi, kwaiyo geji lazima isome chini. Zidisha: 140 inakuwa kama 115, 170 inakuwa kama 139. Kwaiyo 125 kwa Mbeya ni afya. Njombe iko juu zaidi, itasoma chini zaidi.

Cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda. Tatu zikiwa 125 na moja 90, hapo kuna jambo. Weka kijiko cha oili kwenye ile ya 90 upime tena, ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi. Kwenye boksa oili inalala chini ya silinda haisambai vizuri kama kwenye injini iliyosimama, kwaiyo kipimo kizuri zaidi ni kuingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi pistoni ikiwa juu, halafu unasikiliza unatokea wapi. Ukisikia kwenye ekzosti ni valvu za kutolea moshi, ukisikia kwenye tundu la kuwekea oili ni ringi, ukiona mapovu kwenye rejeta unajua mwenyewe.

Pima injini ikiwa ya moto, betri imejaa, plagi zote nje, mguu umekandamiza mafuta mpaka mwisho. Nimeona mtu anapima na betri inayokufa, kranki inazunguka kama ina usingizi.

Hedi zisagwe kila mara?

Pima kwanza. Rula ya chuma juu ya hedi, ingiza fila geji ya milimita 0.05 kwa urefu, upana na mshazari. Ikipita, isagwe. Isipopita na uso hauna mashimo, safisha tu. Ila usisage kwa msasa juu ya jiwe la sakafuni, nawaona watu wanafanya. Mimi mara ya kwanza hedi yangu moja ilirudishwa imesagwa kwa mteremko, upande mmoja imeliwa zaidi, ningeifunga bila kupima ningelia mapema zaidi. Kila kinachorudi kutoka kwenye mashine kipime upya hata kama fundi ni mjomba wako.

Gasketi nunua ya chuma ya matabaka, uso wa hedi na bloku uwe mkavu, hakuna silikoni wala rangi. Bolti za hedi zipake oili kwenye nyuzi na chini ya kichwa. Zinakazwa kwa hatua, unakaza, unalegeza zote, unakaza tena kidogo kisha unamalizia kwa digrii, 80 hadi 90 mara mbili, kwa mpangilio wa kuanzia katikati. Namba kamili za injini yako chukua kwenye kitabu cha injini hiyo hiyo, mana zinabadilika toleo kwa toleo.

Nafasi ya bearingi na ringi napimaje nyumbani?

Ule uzi wa plastiki unaulaza juu ya kranki, unafunga kifuniko kwa toki yake bila kuzungusha, unafungua, unalinganisha upana wa uzi uliopondeka na karatasi yake. Kwenye bearingi za konrodi unatafuta kama milimita 0.02 hadi 0.045. Ikizidi, usijipe moyo kwamba oili nzito itaziba, haizibi.

Ringi unaiingiza peke yake ndani ya silinda, unaisukuma kwa pistoni ikae sawa, unapima pengo kwa fila geji. Pistoni za kufuliwa (forged) zinataka pengo kubwa kidogo kuliko za kiwandani kwa sababu ya joto la tabo, fuata karatasi iliyokuja na ringi zako. Pengo likiwa dogo mno ncha zinagusana ikipata moto na pistoni inavunjika kingo. Pengo kubwa kidogo ni kompresheni kidogo tu inapotea, kwaiyo ukikosea kosea upande huo.

Silikoni niweke nyingi isivuje?

Weka nyembamba kama uzi wa kushonea kiatu. Inayozidi inatokeza ndani, inakatika, inaenda kuziba mrija wa kunyonya oili, na unarudi kule kule.

Taimingi belti naogopa. Alama ziko nyingi.

Ogopa, ni vizuri. Injini hii belti ikikatika au ikikosewa valvu zinagongana zinapinda. Kosa kubwa ni la gia ya kranki, ina mshale unaovutia macho, watu wanapanga mshale. Mshale sio. Alama ya kweli ni kijistari kidogo kwenye jino la nyuma la ile gia, kinakaa juu kabisa sawa na alama ya bloku. Hapo pistoni zote zinakuwa katikati ya silinda, hakuna iliyo juu kabisa, na ndo maana ni mahali salama pa kuzungushia kamshafti. Kamshafti za kushoto zina springi inayozisukuma, ukiziachia zinaruka kwa nguvu, zishike na spana na zizungushe taratibu.

Kibanishi cha belti usikipige nyundo wala kukibana haraka. Kisimamishe wima kwenye jiliwa, bana polepole kwa dakika kadhaa, halafu chomeka pini. Ukimaliza kupanga chomoa pini, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, angalia alama zimerudi. Zikikataa rudia, na ukihisi kitu kigumu usilazimishe.

Belti, rola zote, kibanishi na pampu ya maji badilisha kwa pamoja. Kiwandani wanasema kilomita 100,000, lakini gari yetu ya mtumba imepita mikono mingi na kile kinachosomeka kwenye dashibodi mimi sikiamini.

Kuiwasha mara ya kwanza?

Usiwashe. Kwanza toa plagi zote, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, piga stata sekunde kumi kumi, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili izime. Kabla ya hapo uwe umemwagia tabo oili kwenye tundu lake la juu ukaizungusha kwa kidole. Filta ijaze oili pia.

Ikiwaka iache kwenye resi (mizunguko ya injini kwa dakika) za kama 2,000 kwa dakika kadhaa, wewe na mwenzako mmoja mnachungulia chini na tochi. Kulenti (maji maalum ya rejeta) jaza kwa uvumilivu, boksa inapenda kuficha hewa. Paki gari pua ikiwa imeelekea juu ya kilima (vilima sisi hatuna shida navyo), washa hita mpaka mwisho, fungua kale kaskrubu ka hewa juu ya rejeta, jaza kupitia kile kitanki kidogo cha juu karibu na tabo. Ikiwaka inashuka, unaongeza. Inaweza kuchukua saa zima.

Oili ya kwanza imwage baada ya kilomita kama 100, uikate filta ufungue karatasi uangalie. Vumbi jembamba kidogo ni kawaida, vipande vinavyong'aa ni kengele. Hiyo ya kukata filta kwangu sasa ni ibada.

Inachemsha nikipanda Kitonga, mjini iko poa. Fundi ametoa themostati, bado.

Rudisha themostati (kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto). Asubuhi ya Julai huku kwetu baridi inauma, injini bila themostati inakaa baridi kilomita nyingi, kontrol boksi (kompyuta ya injini) inadhani ndo kwanza imeamka inaongeza mafuta, petroli inaosha oili kwenye silinda na ringi zinaisha. Themostati haikuwa adui yako.

Angalia kofia ya rejeta. Mwinuko wa Mbeya maji ya sufuria yanachemka kwenye digrii kama 94, hayafiki 100. Kofia nzima ya 1.1 (presha iliyoandikwa juu yake) ndo inayoyabana yasichemke mpaka kwenye 119 hivi. Kofia ikichoka injini inachemsha kwenye joto ambalo Dar isingechemsha. Ni spea ndogo, badilisha kwanza kabla hujafungua chochote. Halafu feni, halafu mapezi ya rejeta yaliyojaa vumbi na wadudu. Kama vyote vizima na kitanki cha akiba kinatoa mapovu ukikanyaga mafuta, na asubuhi hozi ya juu imekakamaa kabla hujawasha, ni hedi gasketi, usijidanganye. Silinda ya 4 ndo ya moto zaidi, anzia kuangalia hapo.

Na maji ya bomba usiweke, weka kulenti. Hedi ni aluminiamu, inaliwa.

Moshi wa rangi hizi maana yake nini?

Mweupe asubuhi ya baridi unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke tu, Juni kila gari Mbeya inatoa, acha wasiwasi. Mweupe usioisha wenye harufu tamu ni kulenti. Wa bluu kidogo unapowasha baada ya kupaki kwenye mteremko ni kawaida ya boksa, oili ilikuwa imelala upande mmoja. Wa bluu ukiachia mafuta kwenye mteremko mrefu kama ule wa Iwambi kwenda Mbalizi kisha ukakanyaga tena ni sili za valvu (mipira inayozuia oili) au tabo. Wa bluu muda wote ni ringi, pole.

Mweusi ni mafuta mengi, nenda swali linalofuata.

Haina nguvu, moshi mweusi, tabo inapiga kelele kama upepo.

Hewa inavuja baada ya tabo. Sensa ya hewa imeshahesabu hewa ile, kontrol boksi imetoa mafuta ya hewa ile, hewa yenyewe imetokea njiani, mafuta yanabaki peke yake. Tafuta kifuniko cha bomba la plastiki kinacholingana na mdomo wa tabo, kitoboe uchomeke valvu ya tairi, kifunge na klipu, jaza upepo psi 10 hivi, nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Mara nyingi ni ile mipira ya intakula imepasuka chini usipoona. Ndo sababu hiyo hiyo ile valvu ya kutoa sauti ya pshhh inayomwaga hewa nje siipendi kwenye gari yenye sensa ya hewa, kila ukibadilisha gia unachafua plagi.

Tabo yangu ina mchezo kidogo, nibadilishe?

Mchezo kidogo wa kulia kushoto ni kawaida ikiwa haina oili. Mchezo wa kuingia na kutoka haufai hata kidogo. Angalia mabawa hayajagusa nyumba yake. Na kabla hujaihukumu angalia paipu ya kurudishia oili haijaziba, mana ikiziba tabo mpya nayo itatema oili.

Kuna kijichujio kidogo cha nyavu ndani ya ile bolti yenye tundu inayopeleka oili kwenye tabo, kinaziba na masizi, tabo inakufa kwa kiu. Kisafishe kila unapopata nafasi. Baadhi ya matoleo pia yana katalisti kwenye paipu ya kupanda kwenye tabo, ikivunjika vipande vinaingia moja kwa moja kwenye mabawa, chungulia.

Kumbuka huku juu tabo inafanya kazi zaidi, inazunguka kasi zaidi kutoa busti ile ile kwa sababu hewa ni nyepesi, na hewa inatoka ya moto zaidi. Mwenye Dar akikwambia yeye anaendesha busti fulani bila shida, yeye yuko Dar.

Inagonga kama kokoto kwenye kopo nikikanyaga mlimani.

Acha kukanyaga. Injini hizi za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu, karibu 100, sisi hatuna hiyo. Punguza busti, weka plagi za baridi hatua moja, hakikisha intakula ni safi, na mtu mwenye kompyuta arudishe moto nyuma kidogo. Kama ni mlio mzito wa kugonga unaoongezeka na resi hata gari imesimama, chomoa koili moja moja, silinda ambayo ukichomoa mlio unapungua ndo yenye bearingi. Zima.

Taa ya cheki injini inawaka, skana ya simu haisomi.

Nyingi za Japani za zamani haziongei na skana za bei rahisi. Kwenye hizo chini ya dashibodi upande wa dereva kuna vichomeo vyeusi viwili visivyounganishwa, unganisha, washa swichi bila kuwasha injini, taa inakonyeza, konyezo ndefu ni makumi na fupi ni mamoja. Vya kijani ni vya majaribio, usivichanganye.

Oili gani?

Sintetiki 5W-40 au 10W-40, na ibadilishwe kila kilomita 5,000 au mapema. 20W-50 asubuhi ya baridi ya huku inachelewa kufika kwenye tabo. Nunua duka unaloliamini na angalia kizibo hakijachezewa, niliwahi kuuziwa oili ya bandia ikatoka nyeusi na nyepesi kama maji ndani ya wiki. Cheki kijiti kila Jumapili.

Niiendesheje baada ya kuifungua?

Usiibembeleze sana wala usiipige. Ringi zinakaa kwa mzigo, kwaiyo kanyaga nusu, achia gia ikuvute chini, kanyaga tena, badilisha resi. Njia ya Uyole kwenda Inyala inafaa sana mana ina kupanda na kushuka. Busti ibaki ile ya chini ya springi ya tabo tu mpaka kilomita 1,000, oili ya pili umwage kwenye 500 na ya tatu kwenye 1,500.

Busti nitaongeza lini?

Ukishakata filta tatu mfululizo ukakuta karatasi safi, na kulenti haijashuka hata kidogo kwa mwezi mzima, na umepanda Kitonga mchana wa jua sindano ya joto haijasogea. Mimi yangu ina kilomita 31,000 tangu nilipoifunga mara ya pili na bado iko kwenye busti ya kiwandani. Filta ya mwisho niliikata Jumamosi iliyopita, ilikuwa safi.